Joka la Magunia Lililokwenda Kilosa

Mjomba wangu alikuwa kibarua kwenye reli ya Uhuru, ile waliyokuwa wakiijenga Wachina, na kambi yake ilikuwa ng'ambo ya Kidatu. Kila alipopewa ruhusa alidandia lori la sukari kutoka Ruhembe mpaka Mikumi, kisha akamalizia kwa miguu hadi kijijini kwetu. Sisi watoto tulipoiona kofia yake kwa mbali tulitimua mbio kwenda kumpokea. Kusema kweli tuliukimbilia mfuko wake. Kambini walikuwa na desturi ya kupeana vitu vidogo vidogo, naye hakurudi mikono mitupu: beji nyekundu, dawa ya kuchua ndani ya kikopo kidogo kama kifuniko cha chupa, na safari moja taulo lenye picha ya ndege wawili, ambalo mama alilifungia sandukuni tusije tukaligusa.

Siku ninayotaka kuisimulia alitoa kitabu.

Nilikuwa darasa la nne. Vitabu nilivyovijua ni vya shule, vya kushirikiana watoto wanne wanne, vyenye picha za mtu analima na mtu anachemsha maji ya kunywa. Hiki kilikuwa chembamba, kipana kwa upande, na jalada lake liliteleza mkononi kama jani la mgomba lililonyeshewa. Juu yake palikuwa na joka la kijani lenye ndevu, limejiviringisha kwenye kilele cha mlima, na macho yake ya dhahabu yalinitazama mimi, si mwingine. Nilikinusa. Kilikuwa na harufu ya wino na ya kitu kingine ambacho mpaka leo sijakijua ni nini.

Lakini kilichotushangaza kuliko joka ni maneno. Yalikuwa ya Kiswahili. Mtu wa mbali namna ile, aliyechora milima isiyo yetu na nyumba zenye mapaa yaliyopinda pembeni, alikuwa ameketi mahali akaandika kwa lugha yetu. Kilikuwa Kiswahili kilichovaa nguo za Idi. Kulikuwa na kasri na hariri, na watu waliitana "ewe binti mwema". Kwetu hakuna aliyemwita mwenzake hivyo, ila kuanzia siku ile tuliitana hivyo kisimani mpaka mama zetu wakachoka.

Mjomba alikaa kwenye kigoda akatusomea, kidole chake kikifuata mstari. Alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, hukohuko kambini, kwa hiyo alisoma polepole, na polepole ile ilituua kwa hamu.

Hadithi ilikuwa hivi. Palikuwa na nchi chini ya mlima, na mlimani palikaa joka. Siku moja joka lilishikwa na kiu, likaumeza mto wote, likalala. Mashamba yakakauka. Wazee walipanda kuliomba, askari wakapanda kulipiga, wote wakarudi wakikimbia. Mwishowe alipanda binti wa mfinyanzi na chungu kichwani. Akaliambia joka kwamba hataki mto, anataka chungu kimoja tu cha maji ya kumpikia baba yake uji. Joka likacheka. Chungu kimoja ni nini kwa aliyemeza mto? Likaapa kwamba halitaacha kumimina mpaka kijae. Likafungua kinywa, likamimina. Chungu hakikujaa, kwa maana binti alikuwa amekitoboa chini tundu dogo, na maji yalipita yakashuka mlimani yakitafuta njia yake ya zamani. Joka lilikuwa limeapa. Lilimimina mpaka mto wote ukarudi na tumbo likabaki tupu, na lilipokwisha kuwa jembamba na jepesi likajikuta linaweza kuruka. Likaruka juu ya mashamba likicheza, likasahau hasira.

Mjomba alipofunga kitabu hatukumpa hata nafasi ya kunywa maji. Tulimwomba asome tena.

Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa ameisikiliza yote kutoka jikoni. Kwao ni Vidunda, mlimani, na alishuka kuja kuishi nasi baada ya babu kufariki. Hakuipenda ile picha. Alisema kwao joka la majini halichorwi wala halitajwi karibu na kisima, na kama Wachina wamelichora basi ni kwa sababu halijawahi kuwapitia. Mama alimwambia ni hadithi tu. Bibi akajibu kwamba hata yeye anazungumzia hadithi.

Kitabu nilikipeleka shule, kimefungwa kwenye kanga. Mwalimu wetu alikuwa kijana aliyetoka chuoni mwaka uleule, na alikuwa na haraka ya kuijenga nchi. Alikisoma chote akiwa amesimama mlangoni, kisha akaita darasa. Alitueleza kwamba lile joka ni kabaila. Limehodhi mali ya wananchi, nao wananchi wanaikomboa. Tulikubali, maana Mwalimu hakukataliwa, lakini msichana mmoja wa nyuma akainua mkono akauliza kama binti hakuwa amelidanganya joka. Hapo darasa likawaka. Wengine walisema kutoboa chungu ni ujanja, wengine wakasema ni uongo, na mmoja akasema kosa ni la joka, kwa nini liliapa bila kukiangalia chungu. Kengele ya mapumziko iligongwa na hakuna aliyetoka. Nadhani ni wakati huo Mwalimu alipoamua kwamba tutaicheza hadithi ile kwenye sherehe za Saba Saba, Kilosa mjini, mbele ya wilaya nzima.

Neno Kilosa lilinipiga moyoni. Baba yangu alikuwa huko. Sisi tulihamia kijijini na mama vijiji vya ujamaa vilipoanza, lakini yeye alibaki na gengi lake la kutengeneza njia ya reli ya kati, akawa anakuja nyumbani kila mwisho wa mwezi na mkate wa boflo na mikono yenye harufu ya grisi. Hakuwahi kuniona nikifanya jambo lolote mbele za watu. Nilijiambia kwamba lazima nipate nafasi ya kuonekana.

Tulilitengeneza joka kwa mikono yetu. Magunia ya katani tuliazimwa na ghala la kijiji, kwa kuwa mavuno yalikuwa bado, na tuliahidi kuyarudisha bila tundu. Kina mama waliyashona kichwa kwa mkia. Wavulana walileta mianzi. Kichwa kilikuwa tenga la kuku lililogeuzwa, macho yalikuwa vifuniko vya makopo vilivyosuguliwa kwa mchanga mpaka vikang'aa, meno yalikuwa magunzi ya mahindi, na ndevu zilikuwa singa za katani tulizochovya kwenye maji ya ngeu, ule udongo mwekundu. Kila siku baada ya masomo tulikimbilia kule nyuma ya darasa kama watu walioitwa kula. Hata mikono iliyochomwa na sindano ya kushonea magunia hatukuijali.

Msichana yule aliyeuliza swali alipewa kuwa binti wa mfinyanzi. Ilikuwa haki yake, alikuwa na sauti. Mimi nikaomba kichwa. Mwalimu akanitazama kutoka juu mpaka chini, na safari ya macho yake haikuwa ndefu, nilikuwa mfupi kuliko wote. Kichwa wakapewa wavulana wawili wa darasa la sita. Mimi nikapewa mkia.

Nilikwenda nyumbani nikalia. Mkia ulikuwa mwisho kabisa, ndani ya gunia, mgongo umeinama, na mbele yangu sikuona ila kisogo cha mwenzangu. Baba angenionaje? Mama alinisikiliza akipepeta mchele, akasema kama nataka kuonekana nitambae kama mtoto mchanga, watu wote watanitazama. Hakunicheka. Alitaka tu nimalize kulia nikachote maji.

Basi, tukiwa katika mazoezi, wiki chache kabla ya safari, lilitokea jambo ambalo kijijini lilisimuliwa kwa miaka. Ilikuwa alasiri. Upande wa pili wa shule lilikuwapo shamba la kijiji, mahindi yamekomaa, na zamu ya kulinda siku hiyo alikuwa nayo mzee mmoja aliyekuwa na usingizi mwepesi wa kuja na mzito wa kuondoka. Tuliposikia debe likigongwa, nyani walikuwa wamekwisha kuingia. Si wawili watatu. Ni lile kundi kubwa lililokuwa likitoka mbugani na kuvuka barabara kama watu waendao mnadani, wakubwa mbele, wenye watoto mgongoni nyuma. Walikuwa wakichuma mahindi, wanauma mara moja na kutupa, jambo linalomuuma mkulima kuliko kuibiwa.

Sijui nani alisema twende. Mimi nilihisi gunia limenivuta, nikakimbia. Tuliingia shambani joka zima, kichwa kikipiga kelele, mianzi ikigongana, vumbi la magunia likitujaa puani. Sikuona kitu. Nilisikia majani ya mahindi yakinichapa miguu, nikasikia nyani dume akibweka karibu sana, nikafunga macho na kuendelea kukimbia, kwa sababu mkia hauwezi kubaki peke yake. Halafu kubweka kukageuka mayowe, na mayowe yakaenda mbali. Tuliposimama na kuinua magunia, nyani walikuwa wamekwisha kuvuka barabara. Dume lao kubwa lilikuwa juu ya kichuguu ng'ambo, limeketi, linatutazama kwa namna ya mtu anayetaka kuuliza jambo.

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Mwenyekiti wa kijiji alikuja mbio na panga mkononi, akakuta joka limelala kati ya mahindi linacheka. Jioni ile alitangaza kwamba shule isidaiwe magunia yatakayorudi na matundu. Bibi naye alikuja kuliona joka kwa mara ya kwanza. Alilizunguka, akagusa jino la gunzi, akasema kwamba la namna hii analiruhusu. Tena akasema atakwenda nalo Kilosa, kwa sababu lisilo na mzee wa kulichunga litaharibika.

Siku ya safari tulipanda tipa la kijiji alfajiri, joka limekunjwa katikati, Bibi amekalia kichwa cha joka kisirushwe na mashimo. Barabara ya Mikumi kwenda Kilosa ilikuwa vumbi tupu. Tulipofika kijiji cha Ulaya ilikuwa siku ya gulio, watu wa baiskeli wakasimama kutuangalia, sisi sote nyuso nyekundu kama tuliotolewa tanuruni. Tuliwaimbia. Wengine kati yetu hawakuwa wamewahi kufika mjini, na kila bati lililong'aa mbele walidhani ndiyo Kilosa.

Uwanjani palikuwa na watu wengi kuliko niliowahi kuwaona maishani. Nilimtafuta baba kwa macho, sikumwona. Kwenye kivuli cha maturubai waliketi wageni wa wilaya, na miongoni mwao Wachina kadhaa waliovaa nguo za bluu za aina moja, na mkalimani wao, binti wa Kichina mwenye nywele zilizokatwa masikioni. Mwalimu alipowaona alianza kutoka jasho. Kucheza joka la Wachina mbele ya Wachina, alisema, ni kama kumpelekea mfinyanzi chungu.

Tukafanya zoezi la mwisho nyuma ya uwanja, tukidhani tumejificha. Nilikuwa ndani ya gunia langu niliposikia wenzangu wananyamaza. Nikachungulia. Mzee mmoja wa Kichina, mwembamba, mvi zimemjaa, alikuwa amesimama anatutazama, na mkalimani yuko pembeni yake. Uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mtu aliyekutana na ndugu yake njia ya mbali. Alisema maneno machache, na yule binti akayatafsiri kwa Kiswahili kilekile cha kitabu, Kiswahili cha Idi.

"Mzee anasema joka lenu ni zuri mno. Ila linakimbia kama ng'ombe. Anaomba ruhusa aingie."

Mwalimu akasema karibu, karibu. Sote tulifikiri mzee atakwenda kwenye kichwa. Hakwenda. Alikuja nyuma, kwangu. Aliniashiria nitoke, akaingia kwenye nafasi yangu, akakunja gunia likawa begani badala ya kumfunika, akashika mwanzi. Akawaambia walio kichwani waende. Kichwa kilipogeuka kulia, yeye alingoja. Akangoja mpaka nikadhani amesahau. Kisha akaruka, na mgongo wote wa joka ukajikunja kutoka mbele mpaka nyuma kama maji yanavyopanda jiwe. Wenzangu waliokuwa ndani walisema baadaye kwamba waliuhisi mwendo ule ukiwapitia miguuni.

Alinirudishia mwanzi. Alisema, na binti akatafsiri, kwamba kichwa hutazamwa na watu, lakini joka hupata uhai kutoka kwenye mkia, na mwenye mkia asifunikwe, lazima awaone wote. Alinionyesha mara kadhaa. Nikikosea alitikisa kichwa na kucheka, nikipatia alipiga paja lake. Miguu yangu mifupi aliisifu, alisema inashuka upesi.

Bibi alikuwa amekaa palepale kwenye kivuli cha tipa. Yule mkalimani alimwendea, akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo bibi." Bibi akamjibu marahaba, akamuuliza ni mtoto wa nani na kama wazazi wake wazima. Halafu akamuuliza lile lililokuwa rohoni mwake.

"Huko kwenu majoka hamyaogopi?"

"Kwetu, bibi, joka ndilo huleta mvua."

Bibi akafikiri. "La kwetu likihama linahama na kilima, na nyumba zilizo juu yake. Lakini mvua pia huja nalo. Labda ni ndugu, hawajaonana siku nyingi."

Binti alimtafsiria mzee, na mzee akamwinamia Bibi. Bibi akavuta kanga yake vizuri, nikajua amefurahi.

Tukaitwa uwanjani. Ninayoyakumbuka ni machache, kama ambavyo mtu hakumbuki alivyovuka mto wa kasi. Ngoma za Kilosa zilitupigia, maana zetu hazikutosha. Binti wa mfinyanzi alisimama na chungu chake, sauti yake ikafika mpaka kwenye maturubai. Joka likamimina mto, ambao ulikuwa vitenge vya bluu vilivyoazimwa na kina mama. Ilipofika sehemu ya kuruka, kichwa kikageuka, nami nikangoja. Nikangoja. Nikaruka. Nilisikia uwanja mzima ukivuta pumzi, na joka likajikunja mbele yangu lote, nami nikaliona lote, magunia na mianzi na vifuniko vya makopo, likiogelea hewani juu ya vumbi la Kilosa. Sijawahi kushika kitu kizito kilichokuwa chepesi namna ile.

Na katika kuzunguka, nikamwona baba. Alikuwa mbele kabisa, juu ya mabega ya rafiki yake wa gengi, mtu mzima na sare yake ya kazi, anapunga kofia. Alikuwa akiwaambia watu waliomzunguka, nami nilisoma midomo yake: yule wa mwisho. Yule wa mwisho ni wangu.

Baadaye alinipeleka kunywa chai karibu na stesheni. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinisogezea sahani ya maandazi yote, ya kwake na ya kwangu, akaniuliza kama mkono unauma. Nikamwambia hauumi, na hapo hata kikombe sikuweza kukiinua sawasawa. Akakishika yeye.

Tulirudi kijijini tumekauka sauti. Magunia yakarudi ghalani yakajazwa mahindi, na kwa miezi kadhaa magunia yale yenye michirizi ya ngeu yalijulikana kila yalipopita. Nyani walirudi shambani wiki iliyofuata, hiyo nayo niseme, kwa sababu nyani si wajinga. Kitabu kiliombwa na walimu wa Ulaya, wakakipeleka kwao, kutoka huko kikaenda shule nyingine, na nyingine. Mara ya mwisho niliposikia habari zake kilikuwa kimefika Kimamba bila jalada.

Miaka mingi baadaye, mimi mwenyewe nikiwa na watoto, nilikaa kwenye foleni ya kliniki pamoja na mama mmoja aliyezaliwa Ulaya. Mwanawe alikuwa analia, akawa anambembeleza kwa hadithi. Palikuwa na joka, alisema, mlimani Vidunda, likaumeza mto wa Mkondoa wote. Masikio yangu yakasimama. Akaja binti na kibuyu kilichotoboka.

Nikamwambia ni chungu, si kibuyu. Alinitazama kama mtu aliyeingiliwa nyumbani kwake. Akasema ni kibuyu, bibi yake alimsimulia hivyo, na bibi yake alisimuliwa na bibi yake, na ni hadithi ya kwao toka zamani za kale. Nikamwambia mimi nilikuwa mkia wa joka lenyewe. Foleni nzima ikageuka. Muuguzi aliita jina langu, akaliita tena, na sisi bado tunabishana.